Kamba Haikukatika

Sauda mwanangu,

Wote wanaisimulia vibaya. Baba yako mdogo Musa anaisimulia vibaya, na leo mchana ameisimulia tena mdomo umejaa pilau yangu. Ati kamba ilikatika. Wazee wa msikitini hapa Mengo wanasema kamba ilikatika. Mama yako, Mungu amlaze pema, amekufa akijua kamba ilikatika, maana kila nikianza kumwambia ananikatiza na kuniuliza kama nimekula. Na wewe leo, na nyota mpya mabegani, umesimama na soda mkononi mbele ya wageni ukasema umechagua kazi ya usalama na afya jeshini kwa sababu ya ile kamba mbovu iliyomuua rafiki wa baba yako. Watu wakapiga makofi. Mimi nikatazama mchuzi.

Kamba haikukatika. Ningesema pale pale, lakini mtu hawezi kubishana na watu wanaokula nyama yake.

Halafu ukafanya ile ya Mzee Candia. Alikuwa anatoka jikoni na shangazi yako, wameshika ile sufuria kubwa ya mchuzi, huyu mkono huu, huyu mkono ule. Wewe ukatoka ndani na yunifomu, umeipiga pasi mpaka mtu angeweza kukatia kitunguu. Wazee wote wa jeshi waliokuwa uani wakasimama wakakupigia saluti, hata Musa ambaye magoti yake yanalia kama mlango. Candia peke yake hakuinua mkono. Ukamtania, "Mzee Candia, afande hasalimiwi siku hizi?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu mimi nacheka kwanza, sababu nauliza baadaye.

Candia hakucheka. Alimwambia shangazi yako kwa adabu, "Tuteremshe polepole, nyabo." Wakaiweka sufuria chini. Akafuta mikono kwenye suruali, akasimama wima, akakupigia saluti safi kuliko zote za leo. Akachukua kofia yake akaenda. Hakula. Ukaniuliza, "Baba, nimemkosea nini?" Nikakuambia tumbo linamsumbua. Tumbo la Candia linaweza kusaga mawe.

Kesho unakwenda kambini kuanza kazi, na mimi siwezi kukuacha uende na ile kamba kichwani. Ndiyo maana naandika. Ningekutumia sauti kwenye simu kama wanavyofanya watu, lakini nikiongea naongeza chumvi, wewe unanijua. Mkono wangu wa kuandika ni mzito, haupati nafasi ya kudanganya sana. Shule sikwenda. Herufi nilijifunza kwenye mapipa na milango ya stoo, na herufi yangu ya kwanza ilikuwa H, ile ya HATARI. Mpaka leo ndiyo naandika vizuri kuliko zote. Tazama hapo juu kama nadanganya.

Mambo ya kula na kulala na kufua, na mambo ya wanaume, shangazi yako amekuambia tangu asubuhi, na kwa sauti ambayo hata watu wa Kalerwe sokoni wamefaidika. Mimi hayo nayaruka.

Wewe hii kazi umeisomea chuoni. Mimi nilipewa kwa sababu ya woga. Siku moja kapteni wetu aliwasha sigara karibu na tangi la petroli. Askari wote walibaki wamesimama, wanatabasamu, kapteni ni kapteni. Mimi nikakimbia. Nilipita getini, nikavuka barabara, nikaingia kwenye shamba la mihogo la watu na kulala chini. Waliponirudisha, kapteni akaniuliza, "Wewe unaogopa nini?" Nikamjibu, "Afande, naogopa wewe na sigara yako." Nilijua nalala ndani. Badala yake akawaambia, "Huyu anaogopa kwa niaba ya kambi nzima. Mpeni kazi ya kuangalia hatari." Wakati ule kwetu hakukuwa na afisa wa usalama na afya. Kulikuwa na mimi.

Na niliiweza, Sauda. Kutoka hapa mpaka mpaka wa Sudani hakukuwa na mtu wa kunusa waya unaoungua kama mimi. Nilikuwa naunusa kabla haujaamua kuungua. Wakanipa usajenti na gereji ya magari niisimamie. Siku nzima nilikuwa napiga kelele kwa kile Kiswahili chetu cha jeshi: hapana washa hapa, hapana panda hapo, hapana shika waya na mkono maji. Wakaniita Sajenti Hapana. Hata nilipokwenda kumposa mama yako, babu yako alinitazama juu mpaka chini akasema, "Wewe ndiye yule Hapana? Basi leo jibu lako liko kwangu." Alinizungusha mwaka mzima, mzee yule, Mkristo wa Gulu na mimi Mwislamu wa Arua, lakini mwisho alichoka kabla yangu.

Watu wanafikiri jeshini watu wanakufa kwa risasi tu. Mimi nimezika watu wa jiko la mafuta ya taa. Nimezika mtu wa tairi, ilipasuka anaijaza upepo. Nimezika wawili wa jenereta, waliliwasha ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu nje mvua inanyesha. Aliyekufa kwa risasi wanampigia risasi hewani. Aliyekufa kwa tairi, wanauliza kama ile ringi bado inafaa.

Sasa sikiliza. Kulikuwa na kitu kimoja nilikipenda kuliko mshahara. Nilipenda mguu sawa.

Mkubwa akiingia gereji yangu nilikuwa natoa ile amri, "Mguu sawa," kutoka chini ya tumbo huku. Na watu wangu wote, aliyelala chini ya gari, aliyeshika nyundo, aliyepanda juu ya injini, wote wanakuwa chuma. Viatu vinapiga saruji mara moja, kama kofi. Wakubwa walikuwa wanatikisa kichwa wanasema, hii ndiyo gereji ya nidhamu. Nikisikia hivyo nilikuwa navimba, mama yako ananiambia nipite mlangoni upande upande. Mimi niliyekimbia sigara, hili sikulikimbia. Mtu ataogopaje sauti yake mwenyewe?

Ile siku tulikuwa tunateremsha giaboksi ya lori. Mashine yetu ya kuinulia ilikuwa imeazimwa na kambi ingine, na unajua kitu cha jeshi kikiazimwa kinaoa huko huko. Tukatumia kamba. Tuliipitisha kwenye roda, kile kigurudumu cha kamba, iliyofungwa juu kwenye chuma cha paa. Giaboksi ikawa inaning'inia upande mmoja, na upande wa pili Candia ameshika kamba, ameizungusha mara moja kwenye nguzo, anaiachia kidogo kidogo. Candia wakati ule alikuwa kijana wa nguvu, Mlugbara mwenzangu, mikono kama matawi. Chini alikuwa Opio, fundi wetu, amelala chali anaiongoza giaboksi ikae kwenye kigari cha mbao.

Ile kamba niliichagua mimi. Ilikuwa mpya. Kabla ya kuanza niliing'ang'ania mwenyewe, miguu hewani, na tumbo limejaa maharage, askari wananicheka. Iliniweza. Kwa hiyo mtu akikuambia kamba, mwambie kamba ilikuwa nzima kuliko sisi wote.

Opio alikuwa Mwacholi, mtani kuliko mimi, na kukubali hivyo kunaniuma. Kutoka chini ya lori nilimsikia, "Candia, shikilia vizuri. Mimi bado sijaoa wa pili."

Candia akasema, "Ukifa nitakuolea wa kwanza."

"Utamweza wewe? Yule ana mdomo kumshinda Sajenti."

"Nitaziba masikio."

"Na mikono utaitoa wapi ya kunishikia kamba?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilikuwa bado nacheka nilipoona viatu mlangoni. Viatu vinang'aa, na nyuma yake viatu vingine vinang'aa. Ilikuwa kanali, amekuja bila taarifa na ameleta wageni kuwaonyesha gereji ya nidhamu. Nataka ujue nilisikia nini moyoni, maana hilo ndilo hakuna mtu wa kukusimulia. Nilifurahi. Nilisema leo ndiyo leo. Nikajaza kifua nikatoa amri, na wallahi haikuwahi kutoka vizuri kama ile siku.

Candia alikuwa askari mzuri kuliko wote niliowafundisha. Mikono yake ikaenda ubavuni.

Kamba ilipita kwenye roda, ikapita, ikaisha. Sauti ya ile giaboksi sitakuandikia.

Halafu kitu ambacho waliokuwapo hawataki kukisema. Hakuna mtu aliyetikisika. Gereji nzima imesimama mguu sawa, macho mbele, na mimi mkono kwenye kipaji cha uso. Amri ilikuwa haijaondolewa. Vumbi linashuka. Chini ya lori Opio akasema, na sauti yake ile ile ya utani, ila ndogo, "Sajenti, waambie walegeze basi." Ndipo nikasema, "Legeza." Ndipo watu wakakimbia.

Alikufa njiani kwenda hospitali, tumekwama katikati ya magari, Candia amemshika kiganja.

Wakubwa wakaja kuuliza. Nilisimama mbele yao nikasema kila kitu. Nikasema, kamba hii hapa, ivuteni. Mimi ndiye niliyetoa amri na mtu ameshika mzigo. Mmoja akaniuliza, "Sajenti, kanali aliingia au hakuingia?"

"Aliingia, afande."

"Ukatoa mguu sawa?"

"Nilitoa."

"Basi kosa liko wapi?"

Nikamwambia kosa ndilo hilo. Wakatazamana kama watu walioletewa mgonjwa. "Na huyu mwenye kamba, alisimama mguu sawa?" Nikasema alisimama. "Basi naye alifanya inavyotakiwa."

Sasa umeona. Mtu amekufa, na kila mmoja wetu alifanya inavyotakiwa. Ikabaki kamba. Kamba haina mke, haina cheo, haiwezi kujitetea. Wakasema ilikatika. Baadaye wake za askari waliianikia nguo, na nguo zilikauka vizuri.

Ningependa mtu anipige, Sauda. Hata kunivua mstari mmoja. Candia alitaka kuliko mimi, alikwenda mwenyewe kuomba afungwe, wakamwambia asiwapotezee muda. Hakukaa sana jeshini baada ya hapo. Wewe unamjua kama mzee wa spana kule Nakivubo, anauza vyuma vya mitumba, anakuletea ndizi. Hujawahi kujiuliza kwa nini boda anaiita kwa mluzi, haiiti kwa mkono? Tangu ile siku hajampigia mtu saluti. Mazishi ya wakubwa amekwenda, sikukuu za wastaafu amekwenda, mikono mfukoni. Leo umeipata wewe. Na kabla ya kukupa, alihakikisha kwanza sufuria iko chini.

Hilo ndilo ulilomkosea. Hukujua. Mimi nilijua na nilicheka.

Nilijaribu kurekebisha, usifikiri nilikaa tu. Baada ya Opio niliweka sheria yangu mwenyewe gerejini: mkono wenye kazi hausalimu. Ukiwa umeshika kitu, shika, hata aingie nani. Watu waliogopa mwanzoni. Niliwafundisha kama vile nilivyowafundisha kusimama, kwa kelele. Mimi mwenyewe nilikuwa naingia ghafla na kofia ya mkubwa nimeiazima, na anayeachia spana namzungusha kambi nzima anakimbia.

Ikafanya kazi, mpaka akaja mkubwa mwingine. Aliingia na fimbo yake, akasimama katikati, hakuna aliyegeuka. Mmoja ameshika jeki, mmoja anachomelea, wawili wamebeba betri. Mkubwa akaniuliza, "Sajenti, hawa watu wako wamekufa?"

Nikasema, "Hapana, afande. Ndiyo sababu hawajasimama."

Nilidhani nimejibu vizuri. Nililala ndani, na mstari mmoja ukatoka begani. Kwa hiyo ule mstari niliouomba nilikuja kupewa, lakini kwa kosa lingine. Musa ukimwuliza atakuambia nilivuliwa kwa ulevi. Musa hata hii anaisimulia vibaya. Katika jeshi lote mimi ndiye mtu pekee aliyevuliwa cheo kwa sababu watu wake walikuwa wanafanya kazi, na hilo nataka mlitaje kwenye mazishi yangu.

Lakini usidhani nilishinda. Nilipostaafu, sajenti aliyefuata alirudisha mguu sawa. Nilikwenda kumtembelea, akanionyesha kwa furaha. Kiongozi wao aliingia, amri ikatoka, na mtu aliyekuwa juu ya ngazi akaachia ngazi. Hakuanguka. Wote walicheka, wakaniletea chai. Chai ile niliinywa, maana sikuwa na cheo tena cha kuimwaga.

Sasa wewe. Chuoni wamekufundisha kutafuta hatari: waya, moshi wa rangi, mafuta, kelele kama zile zilizokula masikio yangu mpaka shangazi yako ananitukana mchana kweupe na mimi namjibu asante. Zitafute zote. Lakini kuna ingine itaingia gerejini pamoja na wewe, na huwezi kuiona kwa sababu umeivaa begani. Mimi nilikuwa sajenti tu, ilinibidi nimsubiri mkubwa aingie ndipo niue mtu. Wewe ndiye mkubwa. Utakuwa unakuja kukagua usalama wao, na wao wataachia walichoshika ili wakuonyeshe adabu.

Sitakuamrisha, mimi amri nimeacha. Nakuambia tu ningefanya nini kama ile nyota ingekuwa yangu. Ningesimama mlangoni, nje kidogo, na kutazama mikono kabla ya nyuso. Ningengoja mpaka ile mikono iwe mitupu. Ningewaambia siku ya kwanza kabisa, kabla hawajanipenda.

Na itakuuma. Usidanganyike kwamba haitakuuma. Utasimama pale, afisa mzima umesoma, askari anakupita na ndoo ya oili kama anapita nguzo, na ndani yako kitu kitataka kukohoa. Ukubwa ni mtamu, mwanangu. Leo uani nilikutazama unavyorudisha saluti za wale wazee. Niliiona shingo yako. Ile shingo hukuipata kwa mama yako. Hata mimi, na umri huu, na yote niliyokuandikia hapa, ulipotoka mlangoni ile amri ilikuwa imenifika kooni. Nimeimeza na soda.

Gari lenu asubuhi litapita mjini. Mwambie dereva asimame Nakivubo. Candia utamkuta nyuma ya spana zake, na asubuhi hakosi mteja wa kubishana naye. Usimwite, na usimfanye akuone. Simama mpaka amalize, hata dereva akipiga honi. Akimaliza mtazame, halafu sijui utasema nini. Mimi nakwenda kwake kila Ijumaa baada ya swala, na mpaka leo tunaongea mpira.

Ni mimi baba yako, Sajenti Hapana, mstari mmoja pungufu.

Nimesoma tena hii barua, nimeona chumvi imeingia hata kwa mkono. Pale chini ya lori Opio hakusema kitu. Yale ya "waambie walegeze" niliyatunga mimi, na nimeyasimulia muda mrefu mpaka nayasikia kwa sauti yake. Kulikuwa kimya. Na mimi sikusema legeza. Tulisimama wote, tunangoja, mpaka kanali mwenyewe akauliza, "Pale chini kuna mtu?" Nikamjibu, "Ndiyo, afande," na mkono wangu ulikuwa bado uko juu.